Kubadilisha mipira na koki ya hita kwenye Land Cruiser la zamani

Fungua boneti mbele ya fundi yeyote wa Ngamiani, mwambie unataka kuweka mipira mipya ya hita, kisha umwangalie usoni. "Mzee, hita ya nini Tanga hii? Tuikate, tuunganishe hapa na hapa, umemaliza." Nami nilikuwa na fikra hizohizo. Miaka saba nimelimiliki gari hili bila kukigusa kile kishikio cha rangi nyekundu kwenye dashibodi, nikajua mipira ile miwili inayoingia kabini imelala tu, haina kazi.

Kumbe ina kazi kila siku. Koki ya hita, ile inayofungua na kufunga njia ya maji ya moto kwenda kabini, ikifungwa, maji hayazunguki kwenye rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi, lakini mpira unaotoka injini kuja kwenye koki unabaki umejaa maji ya moto yenye presha. Mpira wa kurudi nao umeungwa na njia ya pampu ya maji, kwa hiyo presha ni ileile. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 unashikilia kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba juu ya mgandamizo wa hewa. Mpira uliochoka ukipasuka, presha hiyo yote inatafuta njia ya kutokea pale pale.

Wa kwangu ulipasuka tukiwa tunapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, hatujafika Soni, pale barabara inapobanwa kati ya mlima na korongo. Ilianza harufu tamu, kama sukari inayoungua sufuriani. Sindano ya joto ikapanda kidogo, halafu ikashuka, nami nikashukuru. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba Zuhura, kuna kitu kinaungua, simama." Nikasimama. Rejeta haikuwa na maji hata kikombe. Sindano ilishuka kwa sababu kitambuzi cha joto kilikuwa kimekaa kwenye mvuke badala ya maji, na kikiwa hivyo hakijui injini ina joto gani. Likumbuke hilo popote uendapo: sindano ikishuka ghafla ukiwa mlimani, si habari njema hata kidogo.

Injini ilipona kwa sababu tulisimama mapema, na kwa sababu tulisubiri zaidi ya saa nzima kabla ya kutia maji. Maji ya baridi kwenye injini iliyochemka hupasua silinda hedi, lile pande la chuma linalofunika silinda kwa juu. Tuliunganisha kipande kilichobaki kizima moja kwa moja kati ya njia ya kutokea na njia ya kurudi, tukashuka Mombo polepole. Wiki iliyofuata nilibadilisha kila mpira wa hita na koki yake, na utaratibu niliofuata ndio huu.

Kukata hita au kuiacha

Nianze na ushauri wa yule fundi, maana wengi wataupata. Kama gari lako halitoki nje ya Tanga mjini, Muheza na Pangani, kuunganisha moja kwa moja si kosa, mradi uunganishe kwa mpira mpya. Kosa ni kukata mpira wa miaka ishirini na kitu na kuupinda huohuo urudi injini. Hapo hujaondoa hatari yoyote.

Mimi nimeiacha hita yangu. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi kioo cha mbele kinaingia ukungu usioisha kwa kitambaa. Jambo la pili ni kwamba hita ni rejeta ya ziada. Gari likianza kupandisha joto mlimani na maji bado yamo, fungua hita mpaka mwisho na feni yake kasi ya juu. Mtatoka jasho humo ndani, lakini joto hilo linalowapiga usoni limetolewa kwenye injini.

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi

Langu ni Land Cruiser la 80, toleo lililoanza kutengenezwa 1990, lenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Ukiwa na la 60, la 70 au gari jingine la zama hizo, mpangilio unatofautiana kidogo lakini kazi ni moja. Tafuta mipira miwili inayopenya lile bati linalotenganisha injini na kabini. Ifuate kwa mkono mpaka injini: mmoja huleta maji ya moto kutoka kwenye silinda hedi, mwingine huyarudisha upande wa pampu ya maji. Koki utaikuta karibu na bati hilo, ina kijimkono kinachovutwa na kebo kutoka dashibodi.

Bonyeza kila mpira kwa kidole gumba. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Ukiwa mgumu kama ubao, au laini kama papai lililopitiliza, au umevimba karibu na klipu, muda wake umekwisha. Tazama kwenye maungio kama kuna ukoko mweupe au wa kijani. Hapo maji yamekuwa yakitoka kidogokidogo na kukaukia njiani.

Usidanganywe na uzuri wa nje. Nilipofika nyumbani niliupasua ule mpira wangu kwa wembe, kwa urefu, nikaufunua kama dafu. Nje ulikuwa mweusi na laini, ungesema wa mwaka jana. Ndani, sentimita tano za mwisho kuelekea kwenye klipu zilikuwa zimejaa nyufa ndefu zilizonyooka, na nyufa mbili zilikuwa zimefika kwenye nyuzi za kitambaa kilicho katikati ya mpira. Chuma, kulanti (ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) na mpira vikikutana huzalisha chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huula mpira kutoka ndani, zaidi kwenye ncha. Ndiyo maana mimi sibadilishi mmoja na kumwacha mwenzake: vilizaliwa siku moja, vimepikwa katika maji yaleyale.

Mambo mawili zaidi. Ingiza mkono chini ya zulia miguuni kwa abiria. Likiwa na majimaji yanayonata na yenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja, na hiyo ni kazi nyingine ya kuvunja dashibodi. Na kama gari lina hita ya nyuma, lala chini uangalie mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Kwetu pwani chumvi haiyaachi, na kwenye gari lililozoea kupita mchangani Pangani huyala mapema zaidi.

Vya kununua

Kwanza vipimo. Magari mengi ya Toyota ya aina hii hutumia mpira wenye tundu la milimita 16, lakini usinunue kwa kusikia. Pima mdomo wa bomba lenyewe kwa kipimo cha vernia. Mafundi wa kuchonga vyuma wanacho na watakupimia bila shida. Mpira ukizidi milimita mbili, klipu itaukunja badala ya kuubana, na mkunjo ni njia ya maji.

Soma maandishi ya ubavuni. Unataka mpira wa hita au wa maji ya rejeta, na mzuri mara nyingi huandikwa SAE J20, alama ya kiwango cha mipira ya maji ya injini. Duka moja la spea liliwahi kuniuzia mpira wa mafuta, muuzaji akisisitiza kwamba mpira ni mpira. Baada ya miezi michache ulikuwa mgumu kama mwiko. Mpira wa mafuta umetengenezwa kustahimili dizeli, na maji ya moto yenye kulanti huukausha. Kinyume chake pia ni kweli: mpira wa maji ukilowana oili kila siku unavimba na kulainika, kwa hiyo kama sili ya injini inavuja juu yake, tibu sili kwanza.

Pale penye kona kali nunua ule uliofinyangwa kiwandani kwa umbo lake. Mpira ulionyooka ukiulazimisha kwenye kona kali utajikunja katikati na kubana njia. Penye mkunjo mpana, wa kukata kwa mita unatosha; ongeza mita moja ya kubaki garini.

Koki mpya nunua hata kama ya zamani haivuji. Nyingi zina mwili wa plastiki, na plastiki iliyopikwa kwa miaka mingi inakatika mdomo siku unayovuta mpira wake. Ukipata ya chuma yenye kipimo sawa na kijimkono kinachokubali kebo yako, ichukue. Wako wanaofunga koki ya shaba ya kawaida ya kufungua kwa mkono. Nayo hufanya kazi, ila itakubidi ufungue boneti kila unapotaka joto. Viungo vya T vya plastiki vinavyogawa maji kwenda hita ya nyuma vibadilishe vyote, na hapo mimi natumia shaba tu.

Klipu: za springi za kiwandani zina faida kwamba zinafuata mpira unapopanuka na kusinyaa. Za kukaza kwa bisibisi ni sawa pia, ila chagua zenye ukanda mpana uliolainishwa pembeni usikate mpira, na hakikisha hata skrubu yake ni ya chuma kisichoshika kutu. Hapa pwani ukanda hung'aa miaka huku skrubu imeoza.

Kazi yenyewe

Tenga nusu siku. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka gogo kwenye tairi. Injini iwe imelala usiku kucha. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote: maji yaliyo chini ya presha yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiitoa presha ghafla yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Piga picha za simu kabla hujagusa kitu. Mpangilio wa mipira, upande ulioelekea kila klipu, mahali kebo ilipobanwa. Utazihitaji saa sita mchana.

Fungua koki iliyo chini ya rejeta, maji yaingie kwenye beseni pana. Kulanti ni tamu na ni sumu. Paka akilamba kidogo anakufa, na mtoto mdogo vivyo hivyo yuko hatarini. Usiondoke ukaliacha beseni wazi, na usimwage kwenye mtaro, maana mitaro yetu inaishia baharini. Ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, uliandike.

Sasa kutoa mipira, na hapa ndipo gari linapoharibiwa. Midomo ya rejeta ndogo ya hita ni mabomba membamba na laini. Mpira wa zamani umegandana nayo. Ukiukamata kwa plaiza na kuuzungusha kwa nguvu, bomba litajipinda au litang'oka kwenye maungio yake huko ndani, na kazi ya nusu siku itageuka ya siku tatu. Legeza klipu, isogeze nyuma, kisha chana mpira kwa urefu kwa wembe, juu ya mdomo wa bomba, ukikata kwa kina kidogokidogo. Usifike kwenye chuma. Mkwaruzo wa urefu kwenye mdomo ni mfereji wa kuvujia. Ukishauchana, ufungue kwa bisibisi bapa nyembamba kama unavyomenya ndizi mbichi. Mpira wenyewe unakwenda jalalani, hakuna haja ya kuuhurumia, lakini vitunze vipande mpaka jioni uvitumie kupimia urefu.

Kebo ya koki iondoe taratibu. Kabla ya kuitoa, weka alama ya kalamu pale ilipobanwa.

Midomo yote isugue kwa msasa laini, namba 400 inatosha, mpaka ukoko uishe na uuone mng'ao wa chuma. Futa kwa kitambaa kilicholowana. Wakati mipira iko nje, nilipitisha maji kwenye rejeta ndogo kwa mpira wa bustani, presha ya chini, kwa kuingilia upande wa kutokea. Yalitoka ya rangi ya chai ya rangi kwa dakika kadhaa kabla ya kutakata. Usitumie kompresa hapo.

Kata mpira mpya kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Acha ulegevu kidogo kati ya injini na bati la kabini, kwa kuwa injini hucheza kwenye mipira yake ya kukalia kila unapowasha na unapopanda, na mpira uliovutwa utajivua. Lainisha mdomo kwa kulanti au maji ya sabuni. Grisi na oili viweke mbali. Sukuma mpaka mpira upite lile tuta dogo linalozunguka mdomo wa bomba na uendelee sentimita mbili hivi. Klipu ikae nyuma ya tuta, ikiacha milimita chache za mpira mbele yake. Klipu iliyokaa juu ya tuta haibani kitu. Kaza kwa bisibisi ya mkono mpaka mpira uanze kuinuka kidogo pembeni ya ukanda, kisha acha. Na elekeza vichwa vya skrubu mahali bisibisi itafika tena bila kuvua chochote, maana utarudi.

Koki ina mshale wa mwelekeo wa maji mara nyingi, ufuate. Rudisha kebo kwenye alama yako, mtu mmoja asogeze kishikio ndani huku wewe ukitazama. Kijimkono lazima kifike mwisho pande zote mbili. Kikikomea robo tatu, sogeza pale kebo inapobanwa milimita mbili tatu na jaribu tena.

Popote mpira unapogusana na chuma, uvalishe kipande cha mpira wa zamani uliochanwa. Usipite karibu na bomba la moshi.

Maji

Maji ya visima vya kwetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na mengine yana chumvi. Chokaa ile unayoiona kwenye birika ndiyo itakayokaa kwenye rejeta. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri, ila soma chupa vizuri usije ukabeba asidi. Changanya nusu kwa nusu na kulanti. Wengi husema kulanti ni ya nchi za barafu. Sisi tunaihitaji kwa dawa zake za kuzuia kutu, na kwa kuwa inapandisha nyuzi za kuchemkia. Lushoto maji matupu kwenye chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Kutoa upepo

Wengi hukosea hapa, kisha hulaumu koki. Egesha gari pua ikiwa juu. Fungua hita mpaka mwisho wa joto. Jaza rejeta polepole huku mtu akiibonyezabonyeza mipira kwa mkono. Utasikia upepo ukigugumia. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache kwenye mzunguko wa chini, ongeza kila kiwango kinaposhuka. Thamostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda rejeta injini ikipata joto, kwenye Toyota nyingi za zama hizo hufunguka karibu nyuzi 82. Ikifunguka, kiwango kitashuka mara moja na mpira wa rejeta utapata joto. Jaza, funga mfuniko, jaza kichupa cha akiba mpaka alama.

Kisha shika mipira miwili ya hita kwa tahadhari. Yote ikiwa ya moto, maji yanazunguka. Mmoja wa moto na mwingine baridi maana yake upepo bado umo au njia imeziba.

Nenda mzunguko mfupi. Mimi nilikwenda Pongwe na kurudi. Gari likipoa usiku, kaza klipu za skrubu robo mzunguko, kwa sababu mpira mpya hujibana ukishapikwa mara ya kwanza, kisha rudia baada ya wiki. Kwa rangi nyeupe niliandika mwezi na mwaka kwenye kila mpira, na nyuma ya kiti nimeweka ile mita moja ya ziada, klipu nne, bisibisi na dumu la lita tano.

Mwezi wa saba tulipanda tena. Nilisimama Soni, nikafungua boneti, nikapitisha tochi kwenye kila ungio, pote pakavu. Tulipoingia Lushoto giza limeshatanda na kioo kimeanza kufifia, na Mama Zuhura akanyoosha mkono akasogeza kile kishikio chekundu mwenyewe.